Kukandwa na Kujikanda

Bibi yangu mzaa baba alikuwa akiuza maandazi, na katika nyumba yetu alfajiri haikutanguliwa na jogoo bali na sauti ya ngumi zake zikizama katika sinia ya unga na kutoka, zikizama na kutoka, mpaka donge lililoanza likiwa gumu na lenye kumeguka likawa laini kama shavu la mtoto mchanga. Unga ulipokwisha kukandwa na kufunikwa kitambaa ili uumuke, yeye alikaa juu ya mkeka, akajipaka mafuta ya nazi yaliyopashwa moto tangu kiko cha mkono hata kiganja, akaulaza mkono juu ya paja, kisha akatwaa kifimbo kile kile cha kusukumia chapati akakiviringisha juu ya nyama ya mkono, polepole sana, akisita kitambo kila alipolikuta fundo, akivuta pumzi kwa pua na kuishusha kwa kinywa, mpaka uso wake ulipokunjuka. Nilipomwuliza afanya nini, alinijibu kuwa mkono uliokanda nao wataka kukandwa, na asiye na wa kumkanda hujikanda. Nilikuwa mtoto, nikadhani ni mchezo wa maneno tu. Ilipita miaka mingi ndipo nilipong'amua kuwa katika jawabu lile ilikuwamo sehemu kubwa ya tarikhi ya pwani yetu, ambayo waandishi wamesimulia nusu yake ya kwanza wakaisahau ya pili.

Kukanda ni neno la jikoni na la waashi kama lilivyo neno la waganga: hukandwa unga, hukandwa udongo wa kiambaza, na hukandwa kiungo kilichokaza. Wala si sisi peke yetu tuliomfananisha binadamu na donge. Istilahi ambazo tabibu Mwholanzi Johan Georg Mezger alizieneza katika karne ya 19 ni za Kifaransa, na mojawapo imetokana na kitenzi cha kukanda unga wa mkate. Na hili neno masaji, ambalo siku hizi limeandikwa katika kila kibao cha hoteli na saluni, wako wanaolinasibisha na Kireno amassar, yaani kukanda donge, na wako wanaolirudisha katika Kiarabu massa, yaani kugusa, na ugomvi wao haujesha. Lakini Kiswahili kina utajiri wake, kwa kuwa kwa kuongeza herufi au silabi moja tu katika kitenzi hutuambia mtu amekuwa na mtumishi, au amekuwa na jamaa, au hakuwa na hata mmoja. Kuna kukandwa, kuna kukandana, na kuna kujikanda. Na atakayetunga insha juu ya desturi hii bila ya kutenga mambo haya matatu ataandika habari za majumba ya kifalme akidhani ameandika habari za watu.

Habari zilizohifadhiwa vizuri kuliko zote ni za kukandwa. Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844 na ambaye baada ya kuihama Unguja alijulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mjini Berlin mwaka 1886, na katika kuusimulia mwendo wa siku ya watu wa daraja yake ameeleza jinsi bibi wa jumba alivyolala usiku huku kijakazi mmoja akimkanda viungo na mwingine akimpepea, na jinsi alivyoamshwa asubuhi si kwa kuitwa bali kwa mikono ile ile iliyomkanda taratibu mpaka akafumbua macho. Anayeyasoma maelezo hayo hupata taswira ya raha isiyo na kifani. Mimi kila niyasomapo humwangalia yule asiyetajwa jina: kijakazi ambaye kabla ya bibi kulala hawezi kulala, na kabla ya bibi kuamka hana budi kuwa ameamka, na ambaye vidole gumba vyake, baada ya kazi ya saa kadhaa, bila shaka vilimwuma kama vinavyomwuma kila mkandaji hadi leo.

Baba yake Salme, Seyyid Said bin Sultan, alijenga huko Kidichi, mahali palipoinuka katika kisiwa, hamamu ya mawe kwa ajili ya mkewe Mwajemi, binti wa ukoo wa Shah Fath Ali, bibi aliyekuwa hodari wa kupanda farasi na kuwinda. Jengo hilo la katikati ya karne ya 19 lingali limesimama, na kuta zake zina nakshi za plasta za ndege na mitende kwa mtindo wa Uajemi, jambo la nadra katika nchi ambayo mafundi wake walijiepusha na sura za viumbe. Ndani kuna maji, na kuna kitako cha kujilaza. Na aliyekwisha kupanda farasi siku nzima, akajua yanayoyapata mapaja na mgongo wa chini, hahitaji kuelezwa kwa nini hamamu ilijengwa mashambani karibu na mawindo badala ya mjini.

Mjini, hamamu ya watu wote ilikuja kwa amri ya Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, na ambaye ujana wake ulimpitisha Bombay alikohamishwa baada ya kushindwa katika fitina yake dhidi ya nduguye Majid mwaka 1859. Ni yeye aliyeyaleta maji ya mfereji Mji Mkongwe kutoka upande wa Bububu, na ni katika enzi yake Haji Gulamhussein alipojenga hamamu ile ambayo mtaa mzima umechukua jina lake, Hamamni. Palikuwa na vyumba vya joto na vya baridi, na sakafu iliyopashwa moto kwa chini, na mahali pa kinyozi, na mtu aliyekuwa na cha kulipa aliweza kuingia na mgongo mgumu kama boriti akatoka na mgongo wa mwanadamu. Katika miji ya Uajemi mtumishi wa hamamu mwenye kazi ya kusugua na kukanda huitwa dallak, na jina hilo lina asili katika Kiarabu dalk, yaani kusugua, neno ambalo Ibn Sina alilitengea maelezo katika kitabu chake cha Qanun miaka 800 na zaidi kabla ya Barghash kuzaliwa.

Yafaa tusite kidogo hapo kwa Ibn Sina, maana mkono wake umefika jikoni kwa bibi yangu bila ya bibi yangu kumjua. Tabibu yule, aliyefariki Hamadan mwaka 1037, alifundisha kuwa kusugua kwa nguvu huukaza mwili na kusugua kwa ulaini huulegeza, na kwamba kunako kusugua kwa kuutayarisha mwili kabla ya mazoezi na kusugua kwa kuurejesha baada ya mazoezi. Na elimu yake ilisimama juu ya nguzo ya zamani zaidi, ya Wayunani, kuwa mwili hutawaliwa na joto na baridi, umajimaji na ukavu. Sisi tumeirithi elimu hiyo katika maneno kuliko katika vitabu. Mzee wa pwani anapolalamika kuwa ana baridi yabisi, anataja kwa Kiarabu sifa mbili za tabia ile ya mwili ambayo Ibn Sina angeitibu kwa kinyume chake, yaani kwa kitu cha moto na chenye umajimaji. Na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, au ya ufuta, au jani la mbarika lililobabuliwa juu ya makaa na kulazwa juu ya goti, ni tiba ya kanuni hiyo hiyo. Tabibu wa leo hatakubali sababu, lakini hatayakataa mafuta ya moto, kwa kuwa joto hulegeza msuli hata kama aliyelitumia ametoa hoja isiyo sahihi.

Hamamni ilifungwa mwaka 1920, na kwa wakati huo mikono iliyokuwa ikikanda majumbani ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe mwingine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Amri ya 1897 iliiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba, ijapokuwa masuria hawakuingia katika amri hiyo mpaka 1909. Mambo haya husimuliwa kwa hesabu za mashamba na bei za karafuu, na ni haki yake. Lakini yalikuwa na maana pia katika chumba cha kulala, kwa sababu mtu aliyezoea kukandwa aliambiwa, kwa mara ya kwanza katika umri wake, kuwa mkono wa mwenzake ni miliki ya mwenyewe.

Kukandana hakukuhitaji amri ya mtu. Hiyo ilikuwa desturi ya jamaa na majirani, na daraja yake ya juu ni ile ya mzazi, ambaye kwa siku 40 hakuachwa peke yake: mkunga au mama mkubwa alimkanda tumbo na mgongo kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, akamnyoosha miguu, kisha akamfunga mkaja tumboni, kitambaa ambacho heshima yake ilikuwa kubwa hata jina lake likahamia katika posa, likawa jina la zawadi apewayo mama wa bibi arusi kwa ajili ya taabu ya kuzaa. Mtoto naye alipakwa mafuta akanyooshwa viungo kimoja kimoja, akilia kana kwamba anaonewa, na baada ya hapo akilala usingizi ambao wazazi wake walimhusudu. Na bibi arusi alisingwa. Na kusinga si kukanda, wala anayeyachanganya maneno haya mbele ya somo, mama amwandaaye bibi arusi, hatasamehewa upesi. Singo ni unga wa manukato, wa mawaridi na liwa na karafuu na vinginevyo, ambavyo kila nyumba ina siri ya vipimo vyake, na hupakwa mwilini na kusuguliwa siku baada ya siku ili ngozi ing'ae na inukie. Walakini vidole vya somo havikujua mpaka wa ngozi, na mwari aliyefika kwake na mabega yaliyopanda masikioni kwa hofu ya arusi aliondoka mabega yameshuka, na hilo halikuhesabiwa katika ujira.

Sasa tumfikie asiyekuwa na kijakazi wala somo.

Katika karne ya 19 njia iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na kuishia Ujiji ilipitiwa na maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila 2, ambazo ni ratili 70, au kilo 32 hivi. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858, na ijapokuwa walichelewa kwa maradhi na mashauri, msafara uliokwenda mbio nao haukupungukiwa na miezi mingi ya kubeba. Mwenye pembe ya ndovu aliiweka begani. Mwenye vitu vidogo alivigawa mara mbili akavining'iniza katika ncha za mti, ikawa mzega. Na mwenye nguo alibeba mtumba. Neno hili mtumba limeshuka cheo, kwani leo twaliita hivyo kila shati lililovaliwa Ulaya likaja kuuzwa kwetu. Lakini mtumba wa asili ulikuwa robota la nguo lililokazwa kwa kamba mpaka likawa gumu na refu mfano wa mto wa kulalia, na wapagazi walilifungia vijiti vitatu vilivyotokeza upande mmoja, ili mpagazi akitaka kupumua alisimamishe ardhini au aliegemeze mtini bila ya kulitua, na bila ya kuinama kulinyanyua tena.

Vijiti vile vitatu ndivyo waraka wangu. Wasafiri wa Kizungu walihesabu ratili na siku na dhiraa za kitambaa cha merikani, lakini ni wachache kati yao waliojishughulisha na bega. Mpagazi mwenyewe hakuandika, na elimu yake ya mwili ameiacha katika umbo la mzigo. Mtu aliyebuni vijiti hivyo alijua kuwa kinachomwua mchukuzi si uzito peke yake bali ule wakati wa kuinuka nao, ambapo msuli wa mgongo uliopoa na kukakamaa hushtuliwa na kujikunja. Alijua kuwa ni afadhali kusimama na kupumua mara kumi kuliko kuketi mara moja. Kisha jioni kambini, mzigo ukiwa chini, bega lililochubuka lilikuwa lake mwenyewe, na mwenziwe wa karibu alikuwa na bega lake la kushughulikia. Siwezi kumfikiria mpagazi huyo vinginevyo ila amekaa kando ya moto, kiganja cha kushoto kimeshika bega la kulia, akilibana na kuliachia.

Nina haki ya kumfikiria hivyo, kwa sababu nilimwona mjukuu wake wa kazi. Ami yangu, mtoto wa tatu wa bibi muuza maandazi, alikuwa hamali, akibeba magunia bandarini na kusukuma rukwama katika vichochoro, na kila jioni baada ya kuoga alikuwa na ibada moja ambayo sisi watoto tuliitazama kama watazamavyo watu mazingaombwe. Alichukua kikoi cha zamani, akakichovya katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, akakikamua, akakisokota mpaka kikawa kama kamba nene, kisha katikati yake akafunga fundo kubwa kama limau. Kikoi alikipitisha mgongoni, ncha moja ikitokea juu ya bega na ya pili chini ya kwapa la upande wa pili, akakivuta huku na huku kama afanyavyo mpasua mbao, mpaka ngozi ikaiva. Ndipo akalala chali juu ya sakafu ya saruji, lile fundo la kikoi amelipanga kati ya uti wa mgongo na mfupa wa bega, akatulia juu yake bila ya kusema wala kutikisika, kwa muda wa kusoma Yasin kwa haraka, kwa hesabu yake mwenyewe. Akiulizwa kama haumii, alijibu kuwa dawa ya moto ni moto, na dawa ya fundo ni fundo.

Sijui kama ami aliwahi kusikia jina la Marekani kwa jambo lolote zaidi ya nguo. Lakini huko Marekani, katika miaka ile ile, daktari mmoja mwanamke, Janet Travell, alikuwa akishughulika na mafundo hayo hayo kwa bidii iliyomfikisha Ikulu ya nchi yake mwaka 1961 akiwa tabibu wa Rais Kennedy, ambaye mgongo wake ulikuwa maarufu kwa ubovu. Kitabu alichokitunga pamoja na David Simons kilianza kutoka mwaka 1983, nacho kimeyachora mafundo ya mwili mzima moja baada ya moja, pamoja na mahali ambapo kila moja hupeleka uchungu wake. Kwani jambo la ajabu la maradhi haya, alilokwisha kulionyesha Kellgren huko London mwaka 1938 kwa kudunga maji ya chumvi katika misuli ya watu waliojitolea, ni kuwa panapouma si lazima pawe ndipo penye ugonjwa. Fundo la shingoni huuma kipajini. Bibi yangu aliujua mzunguko huo, maana mtu aliyemlalamikia kichwa alianza kwa kumbonyeza juu ya bega, na ikiwa mlalamikaji aliruka, alikwisha mpata. Fundo lenyewe ni kitu gani ndani ya nyama, wataalamu wangali wakibishana, na mimi si wa kuwaamulia.

Jambo moja, hata hivyo, nitalisema kwa mkazo, kwa kuwa linahusu uhai. Kifimbo na kikoi ni vya msuli uliochoka. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na uchungu ilhali mwenziwe ni mzima, usiukande kabisa, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda mshipani na kukanda kukaisukuma mahali pabaya. Wala usikandamize juu ya mfupa, wala juu ya uti wa mgongo wenyewe, wala pale penye jeraha. Ami aliyeweza kulala juu ya fundo la kikoi alikuwa akilisogeza kwa kidole mara tatu na nne kabla ya kuliamini.

Mimi sikubeba gunia. Nimebeba kalamu, na baada yake mashine ya chapa, na baada yake kompyuta, na nimegundua kwa fedheha kuwa bega la mwandishi hukaza sawasawa na bega la hamali, bila ya heshima yake. Kwa hiyo hujikanda. Mpira wa tenisi naubana kati ya mgongo na ukuta na kupanda nao na kushuka nao kama ng'ombe anayejikuna mtini. Wayo wa mguu nauviringishia chupa ya soda iliyojaa maji ya moto. Na kwa ajili ya mkono ninacho kifimbo cha bibi, kilichonifikia katika mirathi ambamo ndugu zangu walichagua vyombo vya shaba. Mafuta ya nazi matupu alikuwa akiyatumia yeye. Mimi huyachanganya na matone mawili matatu ya mafuta ya makonyo ya karafuu kutoka Pemba, ambayo yakipakwa peke yake huunguza ngozi, lakini yakichanganywa huleta joto na ganzi kidogo ambayo madaktari wa meno wanaijua vizuri.

Kifimbo kimekonda katikati kwa miaka 70 ya unga na nyama. Jumapili iliyopita mke wangu alikitwaa kwa haraka wageni walipokwisha kubisha hodi na kifimbo chake kisionekane, akasukumia chapati sita, na wageni walizila kwa adabu mpaka mmoja wao, mama mtu mzima wa Kojani, akauliza karafuu tumezitia ndani ya unga au ndani ya samli.